Waya hasi unavyoweza kuponza injini ya gari la mashindano

FUNDI anayerekebisha injini ya gari la mashindano huutegemea sana uwiano wa hewa na petroli. Ili petroli yote iungue bila hewa kubaki, huhitajika takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Injini inapoelemewa, petroli huongezwa hadi uwiano ukaribie 12.5, kwani mchanganyiko uliopungukiwa na petroli huzidisha joto na unaweza kuyeyusha pistoni.

Kihisi cha oksijeni ambacho magari mengi hutoka nacho kiwandani hubainisha tu iwapo petroli imezidi au imepungua. Kihisi cha masafa mapana, kama vile LSU 4.9 cha kampuni ya Bosch, huonyesha ni kwa kiasi gani. Hata hivyo, hakiwezi kufanya kazi peke yake. Huhitaji kidhibiti cha kukipasha joto hadi nyuzi zipatazo 780 za Selsiasi, na kugeuza ishara zake kuwa volti zinazosomwa na skrini ya dereva au kinasa data.

Makosa mengi huzuka hapo. Kwa mfano, kidhibiti cha LC-2 cha Innovate kimepangwa kutoa volti 0 kwa uwiano wa 7.35 na volti 5 kwa uwiano wa 22.39. Hivyo basi, kosa la volti 0.1 pekee hupotosha kipimo kwa 0.3.

Chanzo kikuu cha kosa hilo ni waya hasi. Kipasha joto cha kihisi, feni na taa hupitisha umeme mwingi katika nyaya hasi za gari. Iwapo waya hasi wa kidhibiti umefungwa kwenye injini na ule wa skrini kwenye bodi, volti za sehemu hizo mbili huenda zisilingane. Upande wa skrini ukipanda kwa volti 0.1, uwiano halisi wa 12.8 utaonekana kuwa 12.5. Fundi ataridhika, ilhali injini inakosa petroli.

Tiba ya kwanza ni kufunga nyaya hasi za kidhibiti, skrini na kinasa data mahali pamoja, penye chuma kisicho na rangi wala kutu. Kisha, injini ikinguruma na taa zikiwaka, fundi apime volti kati ya nyaya hizo. Zinapaswa kukaribia sufuri.

Pili, skrini na kinasa data sharti vipangiwe kipimo kile kile cha kidhibiti. Tatu, panapowezekana, itumike njia ya dijitali, ambayo husafirisha tarakimu na haipotoshwi na tofauti ndogo ya volti.

Aidha, soketi ya kihisi cha LSU 4.9 isikatwe, kwa kuwa ndani yake mna rezista inayosahihisha kipimo. Wala kihisi kisiachwe ndani ya ekzosi bila umeme injini ikiwaka, kwani masizi hukiharibu.

Kabla ya kupunguza petroli hata kidogo, fundi ahakikishe kuwa skrini, kinasa data na kompyuta vinataja tarakimu moja. Tahadhari kabla ya hatari.