Mali Bila Daftari

Venice ni mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa vidogo, nao umezungukwa na maji pande zote. Hata hivyo, usiku wa tarehe 29 Januari 1996, jumba lake mashuhuri la opera, yaani la michezo ya kuigiza inayoimbwa, liliungua kwa kukosa maji ya kuuzimia moto. Mfereji wa jirani, ambamo mashua za zimamoto zingepita, ulikuwa umekaushwa ili utolewe tope. Jumba hilo, La Fenice, likabaki kuta tupu. Baadaye mahakama iliwatia hatiani mafundi wawili wa umeme waliowasha moto huo kwa kuogopa faini, maana kazi yao ilikuwa imechelewa.

La Fenice lilifunguliwa mwaka 1792. Liliungua mwaka 1836, na mwaka uliofuata likafunguliwa tena. Humo ndimo La Traviata ya Giuseppe Verdi ilipoimbwa mara ya kwanza mwaka 1853, isipendwe. Leo huimbwa dunia nzima.

Baada ya moto wa pili, wenyewe walikata shauri lijengwe kama lilivyokuwa na pale pale lilipokuwa. Waliliweza hilo kwa sababu walikuwa na michoro na picha. Hata filamu iitwayo Senso, ya mwaka 1954, ambayo sehemu yake ilipigwa humo ndani, iliwasaidia kuyajua mapambo yaliyopotea. Desemba 2003 muziki ukasikika tena.

Mkasa wa namna hiyo haukuwa mgeni kwetu pwani. Mwaka 1921 mjini Unguja lilifunguliwa jumba la maonesho la Royal, lililochorwa na J. H. Sinclair. Katika miaka ya 1950 nalo likaungua. Mwaka 1955 pakasimama Majestic, lililochorwa na Dayalji Pitamber Sachania. Lilikuwa jumba zuri, lakini la mtindo mwingine; Royal halikurudi. Miaka ikapita, na Majestic nalo likachakaa hata likakosa paa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka na kuua watu wawili.

Nasi wa Mafia hatuna jumba la opera, lakini tunayo magofu ya Kua, kisiwani Juani, yenye misikiti na jumba la watawala. Tunayo Kisimani Mafia, ambako bahari imekuwa ikila mabaki ya mji wa kale. Hayo hayataungua, yatamomonyoka kidogo kidogo, bila king'ora wala kelele.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo twawaomba viongozi wetu wa wilaya na wa mambo ya kale: kuta zilizosalia zipimwe, zichorwe na kupigwa picha, na maelezo ya wazee yaandikwe. Nakala moja ikae Kilindoni, na nyingine nje ya kisiwa. Walimu na wanafunzi waweza kushiriki kazi hii, nao wenyeji wa Juani washirikishwe tangu mwanzo, maana ndio wajuao majina ya kila pahala.

Venice waliunguliwa na jumba, wakabaki na daftari. Sisi kuta tungali nazo. Tuandike kabla bahari haijafika.