Uhandisi wa Maji na Mazingira Chuo Kikuu

Shahada ya uhandisi wa mazingira katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, huchukua miaka 4. Mwanzoni hutawala hisabati, fizikia na kemia. Ladha yenyewe huja maabarani. Maji ya mto kama Ruvu, unaolisha jiji hilo, hubeba tope. Shabu hukusanya chembe zake ziwe mabonge yanayozama, kisha maji huchujwa kwa mchanga na kutiwa klorini. Kiasi cha shabu hakikaririwi: mwanafunzi hutia vipimo tofauti katika bika kadhaa, hukoroga, halafu hutazama maji yapi yanatakata vizuri. Kipimo cha masika huenda kisifae kiangazi.

Floridi ni kisa kingine. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro huwa nayo kwa wingi, nayo hutia meno madoa ya kahawia. Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floridi hubaki. Mkaa wa mifupa ndio huinasa.

Majitaka hayana mvuto kwa wanafunzi wengi, ingawa ndiyo nusu ya taaluma. Katika mabwawa ya kuyasafishia, bakteria na mwani hufanya kazi kwa nguvu ya jua, bila pampu za hewa.