Kumtumaini Mungu na Kuwajibika: Tunachojifunza kwa Wayahudi

Mgonjwa aliyekwisha kuombewa na kupata faraja huuliza mara nyingi: je, nikiendelea kumeza dawa, si dalili ya kupungukiwa imani? Swali hilo si geni. Marabi wa Kiyahudi wamelitafakari kwa karne nyingi, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitukumbusha kwamba tunashiriki nao urithi mkubwa wa kiroho.

Wayahudi hutumia maneno mawili ya Kiebrania. La kwanza ni bitahoni, yaani kumtumaini Mungu kwa moyo uliotulia. La pili ni hishtadluti, yaani juhudi ambayo mtu anawajibika kuifanya. Habari ya mana, katika sura ya 16 ya kitabu cha Kutoka, inayaweka yote mawili pamoja. Mana ilishuka bila jasho la mtu, lakini haikuingia hemani yenyewe. Kila asubuhi watu walitoka kuiokota kabla jua halijawa kali; mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tena, waliojiwekea akiba hadi kesho yake waliikuta imeoza, isipokuwa ile iliyotayarishwa kwa ajili ya Sabato. Basi, kutookota kulileta njaa, na kulimbikiza kwa hofu hakukumfaa mtu.

Je, juhudi iwe kiasi gani? Hapo marabi hawakukubaliana. Talmudi, katika sehemu iitwayo Berakhot, inatoa maoni ya walimu wawili wa karne ya 2. Rabi Ishmael alifundisha kwamba mtu ajifunze Torati huku akilima na kuvuna kwa majira yake. Rabi Shimon bar Yochai alihofu kwamba mkulima hatabakiwa na muda wa Torati. Waisraeli wakitimiza mapenzi ya Mungu, alisema, wengine watawafanyia kazi zao. Baadaye Abaye, mwalimu wa Babeli, alieleza yaliyotokea: wengi waliomfuata Ishmael walifanikiwa, na wengi waliomfuata Shimon hawakufanikiwa.

Katika karne ya 11, huko Hispania, Bahya ibn Paquda aliandika kwa Kiarabu kitabu juu ya wajibu wa moyo, na sehemu yake nzima inahusu tumaini. Anafundisha kwamba mtu afanye kazi na kutumia dawa kwa sababu Mungu ameagiza hivyo, lakini asidhani kuwa kazi au dawa ina nguvu nje ya mapenzi ya Mungu. Anayejitia hatarini kwa makusudi, kwa mfano kwa kunywa sumu, akitazamia kuokolewa, ana hatia mbele ya Mungu. Kwa hiyo juhudi na tumaini hazigawani kazi nusu kwa nusu. Juhudi ni utii wetu. Matokeo ni ya Mungu.

Sisi Wakatoliki tunaikuta hekima hiyo katika Maandiko yetu. Yoshua bin Sira, Myahudi wa Yerusalemu, katika sura ya 38 anamwagiza mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini. Naye Bwana wetu Yesu Kristo, alipojaribiwa ajitupe kutoka kinara cha Hekalu, alimjibu Ibilisi kwa Neno la Torati linalokataza kumjaribu Mungu.

Kwa hiyo, ndugu mgonjwa, omba bila kuchoka, pokea Mpako Mtakatifu, na uendelee na dawa kama daktari alivyokuagiza. Ukijisikia umepona, rudi hospitalini upimwe. Daktari ndiye aamue kama matibabu yakome. Kufanya hivyo si kumwonea Mungu shaka. Ni kutoka hemani asubuhi na kuokota alichokuandalia.