Nuru ya Mwezini Isiwe Milki ya Watangulizi

Wengi hudhani kwamba mwezini, pasipo mawingu wala mvua, umeme wa jua ni jambo jepesi. Sivyo. Mchana wa huko huchukua takriban majuma mawili ya hapa duniani, na usiku vivyo hivyo.

Mnamo Agosti 23, 2023, chombo cha India, Chandrayaan-3, kilitua upande wa kusini wa mwezi. Kilifanya kazi barabara kwa mchana mmoja. Usiku ulipokaribia, mitambo yake ililazwa. Kulipopambazuka haikuamka tena.

Mwanafunzi na apige hesabu. Kituo kidogo kinachotumia kilowati 10, kikikaa gizani kwa saa 354, kitahitaji akiba ya kilowati-saa 3,540. Ikiwa kilo moja ya betri hubeba kilowati-saa 0.2, betri hizo zitakuwa na uzito wa tani 17.7. Akiba haiozi, lakini kuisafirisha hii hadi mwezini ni mzigo usiobebeka kwa urahisi.

Ndiyo sababu wataalamu wanaitazama ncha ya kusini. Mhimili wa mwezi umeinama kwa nyuzi 1.5 tu, kwa hivyo huko jua huzunguka karibu na upeo wa macho, halipandi utosini. Baadhi ya miinuko iliyo karibu na shimo kubwa la Shackleton hupata mwanga kwa takriban asilimia 80 ya mwaka. Paneli zikisimamishwa wima kama ukuta na kugeuzwa kulifuata jua, giza hupungua mno. Aidha, minara ya miinuko mbalimbali ikiunganishwa kwa nyaya, mmoja ukiingia kivulini mwingine huendelea kutoa umeme.

Hapa ndipo penye utata. Miinuko hiyo ni michache, nayo Marekani na Uchina zote zinainuia. Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia mwezi. Hata hivyo, jua likiwa chini vivuli huwa virefu: asimikaye mnara mbele humnyima nuru aliye nyuma, ingawa hakudai hata shubiri ya ardhi.

Yafaa basi mataifa yaafikiane juu ya ugavi wa nuru hiyo kabla ya mnara wa kwanza kusimama. Umeme usiokatika utapatikana kwa urahisi zaidi wakishirikiana kuliko wakizibiana jua. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Mwezini, kutangulia kusiwe kumiliki.