Kumbukumbu ya Printa

Usiku wa kuamkia mtihani wetu wa majaribio wa Jiografia, printa ya shule ilitoa ramani nusu. Tulidhani wino umekwisha. Kumbe mashine ilikosa nafasi.

Printa ya leza huupanga kwanza ukurasa mzima, nukta kwa nukta, katika kumbukumbu yake, ndipo ichape. Kumbukumbu hiyo hugawiwa ukurasa, herufi na kazi zinazongoja. Ukurasa wa A4 wa wino mweusi, wenye nukta 600 kwa inchi, una nukta kama milioni 35, yaani megabaiti 4 na zaidi. Kwa nukta 300, robo yake yatosha.

Basi tulifuta kazi zilizongoja, tukapunguza nukta. Ramani ikatoka nzima, na mtihani ukaanza saa mbili kamili. Wenzangu, kabla ya kuulaumu wino, tazameni nafasi.