Kupunguzwa kazi: Kwa nini tangazo la ukutani halitoshi

MARA nyingi habari za kupunguzwa kwa wafanyakazi humfikia mhusika kwa uvumi kabla ya kumfikia kwa barua. Msimamizi humnong’oneza mmoja, naye akamwambia mwenzake, na kufikia jioni kila mtu anajua kwamba mwisho wa mwezi ndio mwisho wa kazi. Asubuhi tangazo hubandikwa langoni, na mambo huonekana yamekwisha.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, huo si utaratibu. Mwajiri ana haki ya kupunguza wafanyakazi iwapo biashara imezorota, mitambo imebadilika au kazi yenyewe imekwisha. Hata hivyo, hana uhuru wa kuwaarifu apendavyo.

Suala hili lina uzito wa pekee katika sehemu kama Nanighi, kando ya Mto Tana, ambako maji ya mradi wa unyunyizaji mashamba wa Bura yalikuwa yakivutwa kwa pampu. Mitambo ya mradi huo ilipolemaa mwaka wa 1989, kilimo kilisimama na riziki za watu zikayumba. Mradi ulifufuliwa mwaka wa 2005. Mahali ambapo ajira hutegemea pampu, mfereji au mwanakandarasi mmoja, kazi yaweza kukatika ghafla.

Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinaeleza hatua ambazo sharti mwajiri azifuate kabla ya kumwachisha kazi mtu asiye na kosa lolote.

Hatua ya kwanza ni notisi ya kusudio. Ikiwa mfanyakazi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwajiri hukiarifu chama hicho pamoja na afisa wa leba wa eneo husika, angalau mwezi mmoja kabla. Ni lazima aeleze sababu za kupunguza wafanyakazi na kiasi cha upunguzaji huo.

Ikiwa mfanyakazi si mwanachama, mwajiri humwandikia yeye binafsi, na kumwarifu afisa wa leba. Hapo ndipo tangazo la ukutani au ujumbe wa simu uliotumwa kwa kundi zima unapokosa kutimiza matakwa ya sheria.

Kwa muda fulani kulikuwa na mabishano kuhusu mfanyakazi asiye na chama, kwa kuwa sheria haikutaja muda wa notisi yake. Mwaka wa 2013, katika kesi iliyohusu kampuni ya Thomas De La Rue, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba naye pia anastahili mwezi mmoja, sawa na mwenzake.

Mwezi huo si wa kusubiri tu. Ni wakati wa mashauriano: je, kuna njia nyingine ya kupunguza gharama? Ni nani atakayeondoka, na kwa kipimo gani? Sheria inamtaka mwajiri azingatie muda ambao kila mmoja amehudumu, ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake kazini.

Umuhimu wa mashauriano ulidhihirika katika kesi ya shirika la ndege la Kenya Airways, ambalo liliwapunguza wafanyakazi 447 mwaka wa 2012. Mahakama ya Rufaa ilipotoa uamuzi mwaka wa 2014, ilikubali kwamba shirika lilikuwa na sababu za kiuchumi, lakini ikapata dosari katika utaratibu. Yaani, sababu njema haiponyi njia mbovu.

Hatua ya pili ni notisi ya kumwachisha kazi mfanyakazi aliyeteuliwa, nayo haipungui mwezi mmoja. Ni notisi hii ya pili ambayo sheria inaruhusu ibadilishwe kwa mshahara wa mwezi mmoja.

Mfanyakazi akiwa haelewi notisi aliyopewa, kifungu cha 35 kinamtaka mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa mdomo katika lugha anayoielewa. Katika bonde la Mto Tana, ambako Wapokomo, Waorma na Wasomali huishi pamoja, barua ya Kiingereza iliyotiwa sahihi kwa kidole gumba bila maelezo haitimizi wajibu huo.

Kisha kuna malipo. Mfanyakazi hulipwa siku zake za likizo ambazo hakuzichukua, pamoja na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliohudumu. Kwa mfano, anayepata Sh20,000 kwa mwezi na aliyehudumu miaka sita atastahili mshahara wa siku 90. Kwa hesabu ya siku 30 kwa mwezi, hizo ni Sh60,000. Akiondolewa bila notisi ya pili, huongezewa Sh20,000.

Je, kibarua naye? Hapa ndipo wengi hupoteza haki zao. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kukamilika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Jina la kibarua halimwondolei haki ya kupewa notisi.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Mnamo Machi 2022, kampuni ya P&O Ferries ya Uingereza iliwafuta kazi mabaharia karibu 800 kwa ujumbe wa video uliorekodiwa mapema. Siku chache baadaye, mkuu wake alikiri mbele ya wabunge kwamba sheria iliwataka washauriane na vyama vya wafanyakazi, nao hawakufanya hivyo.

Aliyeachishwa kazi kinyume cha sheria anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba katika muda wa miezi mitatu. Kesi katika Mahakama ya Masuala ya Ajira na Leba haina budi kuwasilishwa kabla ya miaka mitatu kupita. Fidia ya kuachishwa isivyo haki yaweza kufikia mshahara wa miezi 12.

Mahakamani, hata hivyo, neno tupu halina nguvu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ajira ni vivyo hivyo. Stakabadhi ya malipo, ujumbe wa pesa zilizotumwa kwa simu, orodha ya siku za kazi na cheti cha utumishi ambacho mwajiri analazimika kukitoa, ndivyo vitakavyosimulia miaka ambayo mwajiri huenda akadai haikuwapo.