Binti Huyu Atasoma Mpaka Lini?

 

Hivi karibuni baada ya swala ya Alasiri alinijia mzee mmoja wa msikiti wetu akiwa na dukuduku. Binti yake amehitimu udaktari na kumaliza mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini. Mzee alitaraji kuwa sasa mwanawe ataajiriwa na kuwasaidia wadogo zake. Badala yake, binti anataka kurudi chuoni ili atafiti ugonjwa wa selimundu kwa watoto, huu uitwao na wengi siko seli. "Sheikh wangu," aliniuliza, "huyu atasoma mpaka lini?"

Swali hili ni la haki. Udaktari wenyewe huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi. Ubingwa huchukua miaka mitatu hivi, na shahada ya uzamivu mitatu au zaidi. Aliyeingia chuo akiwa na miaka 20 huweza kukaribia 35 kabla hajasimamia utafiti wake mwenyewe, ilhali wenzake wamekwisha jenga nyumba. Basi yatupasa tujiulize: subira yote hii huzaa nini?

Tumtazame Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kulelewa Gilgil, Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alifuatana na msafara wa kitaaluma hadi Kenya akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aliona kuwa wenye kubeba kinasaba cha selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache mno nyanda za juu. Akashuku kuwa malaria inahusika. Hata hivyo alirudi kumaliza masomo kwanza, na mwaka 1953 ndipo alipokuja tena Afrika Mashariki kuthibitisha.

Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 waliobeba kinasaba hicho, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokibeba, walikutwa navyo 113. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kuwa mwenye kukirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ama anayekirithi kwa wazazi wote wawili, huyo ndiye mgonjwa.

Ndugu zangu, ni mama wangapi wamesimangwa kwa kuzaa watoto wagonjwa, na ni wangapi wamepelekwa kwa waganga wa ramli? Elimu ya watafiti imetubainishia kuwa maradhi haya si uchawi wala mkosi wa mama. Baba na mama wote wamechangia sawa. Wakiwa wote wawili ni wabebaji, katika kila mimba kuna uwezekano wa robo moja kwamba mtoto ataugua. Ndiyo maana ni busara wachumba wapime damu kabla ya nikaha.

Na hapa kwetu yupo Profesa Julie Makani, Mtanzania aliyehitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994, kisha akaendelea na mafunzo London na Oxford. Mwaka 2003 alipata ufadhili wa Wellcome Trust kutafiti selimundu, na mwaka 2004 programu ya ugonjwa huo ikaanza Muhimbili, ikaja kufuatilia wagonjwa kwa maelfu. Mwaka 2011 alitunukiwa tuzo na Royal Society ya Uingereza. Tangu kuhitimu hadi tuzo hiyo ilipita miaka 17.

Kwa juhudi za watafiti wa namna hii, leo tunajua kuwa mtoto akigunduliwa mapema, akapewa penisilini ya kinga, chanjo na dawa ya haidroksiyurea, huepushwa na maumivu mengi na hata na mauti ya utotoni. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe. Lakini bei yake Marekani ilitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni 2. Nani atakayetafuta njia ya kuifikisha tiba hiyo kwa mtoto wa Temeke au Kilifi, ikiwa sisi tunawazuia wanetu wasiitafute?

Imam Ghazali alihesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fiqhi huku miji ikikosa matabibu wa Kiislamu. Lawama hiyo ingalipo.

Nilimjibu mzee kwa kumshauri amuulize binti mambo matatu: nani atamfadhili, nani atamsimamia, na kama atarejea kuwahudumia watu wake. Majibu yakiwa mema, ampe radhi zake. Wala masomo hayazuii ndoa, mradi mume ayajue tangu mwanzo na ayaridhie.

Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kuwa mjukuu wake, mtoto wa kaka yake binti huyo, anaugua selimundu, na shangazi yake ndiye aliyekuwa akikesha naye. "Kumbe jibu ninalo nyumbani," alisema. "Nitamngoja."

Tunamuomba Allah awaponye watoto wetu na awape subira wanaowatafutia tiba, pamoja na wazazi wanaowangojea. Amin.